Hampi kwa Kufuata Maji: Siku Chache Katika Mji Mkuu wa Kale wa Vijayanagara

Hampi ni kijiji katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, kilichokaa juu ya magofu ya Vijayanagara, mji mkuu wa ufalme ulioasisiwa mwaka 1336 na ndugu wawili, Harihara na Bukka, ukatawala sehemu kubwa ya India Kusini hadi mji huo ulipotekwa, ukaporwa na kuchomwa moto mwaka 1565. Nilifika huko Januari 2025, nilipokwenda kumtazama mdogo wangu anayesoma Bengaluru, mji mkuu wa jimbo hilo, na simulizi hii nimeiunga baada ya kurudi nyumbani Kilwa Masoko, kwa kutumia daftari la safari na picha za simu. Wageni wengi huenda Hampi kwa ajili ya mahekalu na majumba ya kifalme, nayo yanastahili kutazamwa. Hata hivyo, ushauri wangu kwa atakayekwenda ni kwamba ayafuate maji, yaani mabirika, mabwawa na mifereji, kwa sababu bila maji hayo mji usingesimama katikati ya mawe makavu kiasi kile, na kwa sababu mifereji yake kadhaa inaendelea hadi leo kufanya kazi iliyochimbiwa.

Alhamisi, 16 Januari: Bengaluru hadi Hosapete

Mji wa karibu wenye kituo cha reli ni Hosapete, kilomita 13 kutoka Hampi. Treni ya usiku iitwayo Hampi Express hutoka Mysuru, hupita Bengaluru mnamo saa nne usiku na hutarajiwa Hosapete alfajiri ikishapambazuka. Tulikata vitanda vya daraja la kawaida lisilo na kiyoyozi, kila kimoja kwa chini ya rupia 400. Anayesafiri Januari achukue shuka nzito au blanketi, kwa maana Deccan, uwanda wa juu wa India Kusini, ni baridi usiku na madirisha ya daraja hilo hayafungi vizuri.

Mkabala nasi alikaa mama mmoja na wanawe wawili waliokuwa wanarudi kwao. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache ya Kikannada ambayo mdogo wangu ameyaokota chuoni, lakini mama alipofungua chakula chake alitutengea na sisi bila kuuliza: mikate myembamba ya mtama, mikavu na yenye kukatika, pamoja na chatne ya karanga iliyosagwa na pilipili na vitunguu saumu. Baada ya hapo tulilala, na treni ikasimama mahali fulani gizani kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 17 Januari: Kamalapura na hekalu la Virupaksha

Tuliingia Hosapete saa tatu na nusu asubuhi. Tulikunywa kahawa ya maziwa na kula idli, vikate laini vya mchele na choroko nyeusi vinavyopikwa kwa mvuke, kisha tukachukua bajaji hadi Kamalapura kwa rupia 250. Kamalapura ni mji mdogo uliopo kusini mwa magofu, na tuliuchagua kwa sababu una vyumba vya bei nafuu, una maduka, na uko karibu na eneo la majumba ya kifalme. Mgeni ajue kwamba nyumba ya wageni yoyote itadai nakala za pasipoti na viza. Tulipoteza karibu saa nzima tukitafuta mashine ya kutolea nakala, kwa hiyo ni heri kuzibeba tangu mwanzo.

Tuliswali Ijumaa katika msikiti mmoja wa Kamalapura. Baada ya swala mzee mmoja alitusimamisha, akauliza tumetoka wapi, na aliposikia ni Afrika Mashariki akatupeleka kwenye kibanda cha chai, akakataa katakata tulipe, kisha akampigia simu mpwa wake mwenye bajaji na kumwagiza atuchukue kwa bei ya wenyeji. Mdogo wangu alimwita dereva huyo anna, kaka, kama ilivyo desturi ya huko, na kuanzia saa ile hatukumtafuta mwingine. Tulikubaliana rupia 1,000 kwa siku nzima ya kuzunguka.

Alasiri alituteremsha Virupaksha, hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, ambalo bado linatumika kwa ibada. Mnara wa lango lake la mashariki una ghorofa 9 na kimo cha mita 50 hivi, na unaonekana kutoka karibu kila pembe ya bonde. Hekalu lilikuwapo kabla ya ufalme. Krishnadevaraya, mfalme mashuhuri kuliko wote wa Vijayanagara, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, aliliongezea ukumbi wa nguzo mwaka 1510 kuadhimisha kutawazwa kwake. Kuingia uani ni bure. Viatu huachwa nje kwa malipo madogo.

Mahujaji hujipanga kumwona ndovu wa hekalu, na watalii hukimbilia chumba kilicho nyuma ambamo mwanga unaopita katika tundu dogo huchora ukutani sura ya mnara ikiwa juu chini. Mimi nilivutwa zaidi na kijito chembamba cha maji ya mto Tungabhadra kilichoelekezwa kupita ndani ya hekalu, kikateremka hadi jikoni na kutokea upande wa pili. Upande wa kaskazini kuna birika la Manmatha, lenye ngazi za mawe na vihekalu vya kale pembeni.

Mbele ya hekalu umenyooka mtaa wa soko wa enzi za wafalme, wenye safu za vibanda vya nguzo za mawe pande zote mbili hadi kwenye sanamu kubwa ya Nandi, ng'ombe dume anayepandwa na Shiva. Kwa miaka mingi familia ziliishi na kufanya biashara ndani ya vibanda hivyo, hadi mwaka 2011 serikali ilipowaondoa na kubomoa nyumba zao kwa hoja ya kuhifadhi urithi. Naelewa hoja hiyo, maana kwetu Kilwa tunaisikia pia. Hata hivyo, soko lisilo na mtu ni jengo pungufu, na naamini wahifadhi wangeweza kutafuta njia ya kulinda mawe bila kuwaondoa watu waliokuwa wakiyafagia kila asubuhi.

Jua lilipozama tulikuwa juu ya kilima cha Hemakuta, penye vihekalu vilivyotangulia ufalme. Mawe ya matale yaliyobebana pande zote yatamkumbusha Mwanza mtu yeyote aliyewahi kufika kule.

Jumamosi, 18 Januari: majumba, mabirika na Vitthala

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kali. Eneo la kifalme ni pana na sehemu kubwa haina malipo. Mtu anayetarajia kukuta majumba yaliyosimama atashangaa, kwa sababu yaliyobaki ni misingi ya mawe tu: kuta na paa zilikuwa za mbao na matofali, na zote ziliteketea baada ya vita vya Talikota vya Januari 1565, pale majeshi ya masultani wa Deccan yaliyoungana yalipomwua Rama Raya, aliyekuwa mtawala halisi wa ufalme, na jamaa zake wakautoroka mji.

Jengo kubwa lililosalia hapo ni Mahanavami Dibba, jukwaa la mawe la ngazi tatu lenye kimo cha mita 8 hivi, ambapo mfalme aliketi wakati wa sikukuu ya siku tisa kutazama gwaride la ndovu, farasi na wachezaji ngoma. Pembeni mwake kumechongwa wawindaji, ngamia, wanawake wachezao, na wageni wenye kofia na nguo za nchi za mbali wakiongoza farasi. Farasi walikuwa biashara kubwa mno. Maelfu yao waliletwa kwa majahazi kutoka Uarabuni na Hormuz, kwa kuwa farasi waliozaliwa India Kusini hawakufaa vitani. Wareno walipoingia Bahari ya Hindi waliitaka biashara hiyo. Mwaka 1505 waliipiga Kilwa na Mombasa, na mwaka 1510 wakaitwaa Goa, bandari ambayo Vijayanagara iliitegemea kwa farasi wake. Mtu wa pwani yetu akisimama mbele ya michongo ile hayuko ugenini kabisa.

Hatua chache kutoka jukwaani lipo birika la ngazi, na hapa nilikaa hadi dereva akaja kututafuta. Lilikuwa limefukiwa na udongo, likafichuliwa na wachimbuaji katika miaka ya 1980. Ni mraba wa takriban mita 22 kila upande na kina cha mita 7 hivi, umejengwa kwa mwamba wa rangi ya majivu meusi uliokatwa sawasawa, na kila tabaka lina ngazi ndogo zilizopangwa kama piramidi, hata kivuli chake hubadilika kila baada ya dakika chache. Ukiinama utaona kwamba mawe yamechongwa herufi na alama ndogo zinazoeleza jiwe ni la upande gani na la safu ya ngapi. Maana yake ni kwamba mawe yalichongwa kwanza mahali pengine kwa mpango kamili, kisha yakaletwa na kuunganishwa. Niligusa herufi moja iliyokuwa na urefu usiozidi kidole gumba, yenye kingo kali kana kwamba mwashi ameweka patasi chini jana.

Maji yaliletwa birikani kwa mfereji wa mawe uliobebwa juu ya nguzo, ambao bado unaonekana ukikatiza uwanja mzima. Kandokando ya mfereji mwingine kuna mstari wa sahani zilizochongwa ndani ya mawe, zenye vijishimo vya wali na mboga, ambapo inaaminika watu walikula wameketi pande mbili na maji yakipita katikati.

Upande wa mashariki kuna bafu la pembe nane lililozungukwa na baraza ya nguzo. Nililitafuta kwa makusudi, kwa sababu nyumbani, katika jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, Sultan al-Hasan bin Sulaiman aliacha birika la pembe nane linalotazama bahari, la karne ya 14. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninachosema ni kwamba watawala wa pande mbili za bahari moja waliona fahari ileile katika kuyaweka maji ndani ya umbo gumu la kupimwa kwa ustadi.

Bafu la Malkia, lililoko barabarani kuelekea Kamalapura, limejengwa kinyume: nje ni ukuta mtupu wa mraba usiovutia, ndani ni ukumbi wa matao na kuba, na roshani ndogo zimetokeza juu ya bwawa la mita 15 kila upande, kavu siku hizi.

Kuhusu tiketi: mgeni hulipa rupia 600, kama shilingi 17,000 za Tanzania, na raia wa India hulipa 40. Tiketi hiyohiyo huingiza Zenana, yaani ua ulio na Lotus Mahal na mabanda ya ndovu, na pia hekalu la Vitthala, ila ni kwa siku moja tu. Ihifadhiwe vizuri, kwani huombwa kila lango. Lotus Mahal ni nyumba ya ghorofa yenye matao ya mikunjo mingi na lipu ya chokaa, na mabanda ya ndovu ni vyumba 11 vilivyopangwa mstari mmoja chini ya makuba ya maumbo mbalimbali. Hekalu la Hazara Rama lililo karibu limechongwa kisa cha Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, ukutani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa asiyekijua kisa hicho, kiongozi wa nusu saa kwa rupia 300 anastahili malipo yake.

Njiani kuelekea Vitthala tairi la bajaji lilipasuka. Mama muuza madafu aliyekuwa kando ya barabara alitutolea benchi kivulini na kumpa dereva jeki ya mwanawe, na hakutaka malipo zaidi ya bei ya madafu tuliyokunywa.

Magari huachwa kama kilomita moja kabla ya hekalu, na wageni hupelekwa kwa vigari vya umeme vinavyoendeshwa na wanawake wa vijiji vya jirani. Gari maarufu la mawe, lile lililochapishwa kwenye noti ya rupia 50, kwa kweli ni kihekalu cha Garuda, ndege anayepandwa na mungu Vishnu, kilichopewa magurudumu, na sasa limezungushiwa kizuizi. Nguzo 56 za ukumbi mkuu, zinazosifika kwa kutoa sauti zikigongwa, hazigongwi tena kwa sababu ziliharibika. Watu walikuwa wengi mno alasiri ile ya mwisho wa wiki. Tuliteremka hadi mtoni, mahali zinapoonekana nguzo za daraja la kale zikisimama majini bila daraja, na huko hakukuwa na mtu.

Jumapili, 19 Januari: kwa baiskeli kando ya mifereji

Tulikodi baiskeli kwa rupia 150 kila moja. Hii ndiyo siku ninayomshauri kila msafiri asiiache, kwa kuwa katikati ya eneo la mahekalu na eneo la majumba kuna bonde la kijani la migomba, miwa na majaruba ya mpunga, linalonyweshwa na mfereji wa Turtu, uliochimbwa enzi za wafalme kutoka kwenye banio la mawe mtoni. Barabara inaufuata mfereji, inauvuka, na inaufuata tena.

Kwenye shamba moja tulimkuta mzee akiwa na jembe, miguu ikiwa ndani ya tope hadi vifundoni. Zamu yake ya maji ilikuwa imefika. Alilivunja tuta dogo la udongo kwa mapigo matatu ya jembe, maji yakaingia safu ya kwanza ya migomba, na alipoona yamefika mwisho wa safu akaliziba na kuvunja la pili, kwa utulivu na bila kupoteza hata ndoo moja. Alituonyesha kwa mkono mahali mfereji unapotokea na unapokwenda, akatukatia chane ya ndizi mbivu, akarudi kazini.

Hekalu la Krishna, lililojengwa mwaka 1513 baada ya ushindi dhidi ya mfalme wa Odisha, lina soko lake na birika lake, ambalo lina kibanda cha nguzo katikati ya maji. Jirani yake ipo sanamu ya Narasimha, umbo la Vishnu la nusu mtu nusu simba, ya mita 6.7, ya mwaka 1528, na karibu nayo Badavilinga, jiwe la Shiva la mita 3 lililosimama ndani ya chumba chenye maji ya mfereji, ambamo mahujaji hurusha sarafu.

Mchana tulipanda hadi msikiti wa Ahmad Khan, ambao watalii wengi huupita. Maandishi yake yanasema ulijengwa mwaka 1439 na ofisa wa mfalme Deva Raya wa Pili, kwa ajili ya kumwombea heri mfalme huyo. Umejengwa kama ukumbi wa nguzo wa huko huko, bila kuba wala mnara, na mtu huutambua kuwa msikiti kwa kibla yake iliyoko ukuta wa magharibi. Deva Raya aliwaajiri wapanda farasi na wapiga mishale Waislamu, na Rama Raya mwenyewe aliwahi kumtumikia sultani wa Golconda, mmoja wa masultani wa Deccan, kabla ya kupanda cheo Vijayanagara. Wanaosimulia anguko la mji huu kama vita vya dini mbili tu wanaiacha nje habari hii yote, nami naona ni dhuluma kwa historia.

Jumba la makumbusho la Kamalapura hufungwa Ijumaa, na kwa hiyo tuliliweka siku hii. Uani kuna mfano mkubwa wa bonde lote, na mtu akiutazama ndipo anapoona vilima, kuta na mifereji vikishikana kuwa mpango mmoja. Ningeshauri kuanzia hapo kama siku inaruhusu. Jioni tulikula bajia za pilipili kubwa nzima, chakula cha sifa cha eneo hili, kwa rupia 40. Kijijini Hampi chakula ni mboga tupu na pombe hairuhusiwi.

Jumatatu, 20 Januari: Anegundi na kurudi

Tulivuka mto kwa boti kwenda Anegundi, kijiji cha kale kuliko Vijayanagara yenyewe, chenye lango la ngome na wanawake wanaosuka vikapu na mikeka kwa nyuzi za migomba. Maji yakijaa wakati wa masika ya huko, Julai hadi Septemba, boti husimamishwa, na njia ya barabara ni ndefu.

Tukiwa njiani kurudi Hosapete dereva alipita kando ya tuta la bwawa la kale. Domingo Paes, Mreno aliyefika hapa mnamo 1520 na kuona mji mkubwa kama Roma, ameandika kwamba aliona watu kati ya 15,000 na 20,000 wakijenga bwawa karibu na mji huu mpya ambao Krishnadevaraya aliuita kwa jina la mama yake, Nagalapura, na ambao leo ndio Hosapete. Ameandika pia kwamba tuta lilipobomoka mara kadhaa, mfalme aliamuru wafungwa wachinjwe hapo kuwa kafara. Nimeyasifia maji ya Vijayanagara katika simulizi hii yote, na haki inataka hilo nalo lisomwe pamoja na sifa hizo.

Treni ya kurudi iliondoka Hosapete usiku. Vitanda vya Jumapili na vya siku zinazofuata sikukuu huisha wiki mbili au tatu kabla, na anayekosa hubaki na mabasi ya usiku, ambayo hugharimu zaidi ya mara mbili ya treni na huwafikisha abiria Bengaluru alfajiri, kabla ya mabasi ya mjini kuanza.